PDA ni nini? Mtoto anayekwama kila anapoambiwa fanya

PDA, kifupi cha maneno ya Kiingereza Pathological Demand Avoidance, ni jina linalotumiwa kwa hali ambapo mtoto hukwepa karibu kila jambo analotakiwa kufanya, liwe kubwa au dogo, hata lile analolipenda, kwa sababu kule kutakiwa kwenyewe kunamtia wasiwasi mkubwa. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita ukwepaji uliokithiri wa matakwa. Wengi wanaoitambua huihesabu kuwa sura mojawapo ya usonji (autism).

Maneno "hata lile analolipenda" ndiyo yanayoitofautisha na ukaidi tuliouzoea. Mtoto mkaidi hukataa kuosha vyombo, lakini ukimwambia mnaenda Uhuru Park kupanda mashua, yeye ndiye wa kwanza mlangoni. Mtoto mwenye PDA anaweza kuiomba safari hiyo wiki nzima, kisha Jumamosi ifike, mama aseme "haya, vaa twende", na papo hapo akwame. Ataingia chini ya kitanda. Baadaye atalia kwa uchungu kwa kuikosa safari aliyoikataa mwenyewe. Mzazi aliyeliona hilo kwa macho yake hawezi tena kuamini kwamba mtoto ana madharau, maana hakuna alichofaidi.

Aliyeieleza hali hii kwanza ni Elizabeth Newson, mwanasaikolojia wa watoto katika Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, miaka ya 1980. Alikuwa akiletewa watoto walioonekana kuwa na usonji lakini hawakulingana na picha iliyozoeleka: walikuwa wachangamfu, wenye maneno mengi na michezo ya kuigiza, ila hawakuweza kustahimili kuagizwa. Mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha makala iliyoyapanga maelezo hayo. Hadi leo wataalamu wanabishana kama ni hali ya kipekee au ni jinsi tu wasiwasi unavyojitokeza kwa baadhi ya watoto wenye usonji. Haimo katika ICD-11, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, wala katika mwongozo wa Marekani wa matatizo ya akili uitwao DSM-5. Kwa hiyo daktari wa hapa Nairobi asipoliandika jina hilo kwenye ripoti, usimwone mjinga. Huenda akaandika usonji na wasiwasi, na msaada ukaanzia hapo.

Nyumbani hali huonekana hivi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi la shule linapiga honi getini. Mama anasema, "Vaa viatu." Mtoto anajibu kwamba miguu yake imelala. Mama anarudia. Sasa mtoto ni paka, na paka hawavai viatu. Mara ya tatu anauliza swali refu kuhusu dinosaria, swali zuri kweli, na mama karibu alijibu. Mara ya nne, sauti ya mama ikipanda, kiatu kinarushwa ukutani, na mtoto anapiga mayowe hadi majirani wa ghorofa ya juu wanachungulia. Zile hatua za mwanzo, visingizio, mchezo na mazungumzo, ni juhudi za mtoto kujiokoa kabla hofu haijamzidi. Mlipuko ukishakuja, hajidai. Mwili wake umeshatekwa na hofu, na wakati huo maneno ya mafunzo hayaingii.

Wengine hujikaza siku nzima darasani, wakafumuka wakifika nyumbani. Mwalimu husema, "Huku hana shida yoyote, labda nyinyi mnamdekeza." Mzazi huondoka pale akiwa na aibu asiyostahili hata kidogo.

Aibu hiyo ni mzigo mzito katika mji huu. Ukiishi kwenye ploti, kila mlango unasikia. Jirani atakuambia, "Mama Junior, huyo anataka kiboko tu." Nyanya atakukumbusha kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Methali hiyo imelea vizazi na siidharau, lakini inamhusu mtoto anayeweza kutii ila hataki. Mtoto ambaye amri inamtisha, ukimwongezea kiboko umemwongezea kitisho, na kesho atakwama mapema zaidi. Kwa upande wa shule, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi, na mzazi ana haki ya kulisema hilo mbele ya mwalimu mkuu.

Zawadi nazo huwashangaza wazazi. Ile chati ya nyota ukutani, inayowafaa watoto wengi, hapa mara nyingi hugeuka kuwa dai jipya: sasa mtoto anatakiwa kuvaa na pia kushinda nyota. Hata kusifiwa mbele ya watu kunaweza kumfanya asirudie jambo zuri alilofanya. Ratiba isiyobadilika, ambayo huwatuliza watoto wengi wenye usonji, kwake inaweza kuwa amri iliyobandikwa ukutani.

Kinachosaidia zaidi ni kupunguza amri, na hapa mzazi huogopa kwamba atapoteza nyumba yake. Hatapoteza. Amua mambo machache yasiyojadiliwa, hasa ya usalama: kushikana mkono mnapovuka barabara, dawa za hospitali, kutogusa jiko. Hayo simama nayo kwa sauti tulivu. Mengine yalegeze. Akinywa uji amesimama, ameunywa. Akienda kanisani na soksi mbili tofauti, amefika kanisani.

Kisha badilisha usemi. Badala ya "vaa viatu", sema kama anayejisemea, "Naona viatu viko hapa mlangoni," halafu ondoka umwachie nafasi. Badala ya "maliza kazi ya shule", sema, "Hesabu hii imenichanganya, sijui inaanzia wapi." Mpe uchaguzi wa kweli: kuoga kabla ya chakula au baada yake. Fanyeni pamoja pale unapozoea kuagiza. Akiwa paka, paka aalikwe ndani ya viatu. Mbinu iliyofaa Jumatatu inaweza kukataa Alhamisi, kwa hiyo weka nyingine akibani. Na siku ambazo tayari amechoka, kwa mfano baada ya foleni ndefu ya magari Thika Road, punguza madai zaidi kuliko kawaida.

Wageni wanahitaji matayarisho. Shangazi akija kutoka Machakos, "salimia shangazi" ni amri yenye watazamaji, nayo humbana mtoto vibaya. Mpigie shangazi simu mapema: "Shangazi, wewe msalimie tu, usingoje ajibu." Mara nyingi, mtoto asipongojewa, baada ya dakika chache atamletea mgeni kitu cha kuchezea. Hiyo ndiyo salamu yake, ipokee.

Mlipuko ukitokea, ondoa vitu vya hatari, punguza maneno, punguza watu. Usimdai msamaha papo hapo. Mazungumzo yaweza kungoja hadi kesho, mkiwa mnatembea au mnamenya viazi, bila kutazamana usoni.

Kwa uchunguzi, jijini kuna kituo cha tathmini katika KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko Kasarani, na vituo vya tathmini vya elimu vinavyojulikana kama EARC. Omba mtoto apimwe usonji na wasiwasi. Kabla ya siku hiyo, andika kwa majuma machache: aliambiwa nini, kwa maneno gani, alikwepa vipi, nini kilimtuliza. Yaandike pia mambo aliyoyapenda akashindwa kuyafanya, kwa sababu hayo ndiyo mtaalamu hawezi kuyaona katika saa moja ya kukaa naye. Peleka nakala kwa mwalimu wa darasa pia, na umwombe kitu kimoja cha kuanzia, kama ruhusa ya mtoto kutoka nje kimyakimya anapoelemewa, bila kuinua mkono na kuomba.