Ukipita Nangurukuru usiishie kununua korosho tu

Wengi wanaoenda Lindi na Mtwara kwa basi wanaijua Nangurukuru kama sehemu ya kuchimba dawa, kununua korosho na kuondoka. Mimi kazi yangu ni kutunza malikale, yaani magofu na vitu vya kale, huku kusini na kila nikiona basi limeondoka pale roho inaniuma kidogo, maana ukikata kushoto, kama kilometa 30 hivi, uko Kilwa Masoko, na ng'ambo ya maji unakiona Kilwa Kisiwani, kisiwa ambacho kilikuwa kimeshika biashara ya dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji ya leo, enzi ambazo Mreno hata njia ya huku hajaijua.

Utaratibu kwanza tuumalize. Kibali unachukua Masoko kabla hujapanda boti, na mtu wa kukutembeza unampata hukohuko. Vaa ndala au viatu visivyoogopa maji, maana maji yakiwa yamekupwa unashuka na kutembea kwenye tope. Halafu jamani Kilwa Kisiwani ni kijiji, watu wanaishi, watoto wanasoma, kwahiyo vaa kwa heshima na usimpige mtu picha hujamuomba.

Sasa Msikiti Mkuu wa kisiwani. Watu wakifika wanapiga selfi kwenye matao wanaondoka, mi huwa nawaambia subiri, angalia chini kwanza halafu juu. Ule upande wa kaskazini ndio wa zamani zaidi, ni wa karne ya 11 na 12, paa lake lilikuwa bapa limebebwa na miti, baadaye ukaongezwa upande wa kusini ambao ulikuwa mkubwa kuliko msikiti wenyewe, na huo wakauezeka kwa kuba za mawe na chokaa, na kwenye baadhi ya kuba walipachika bakuli za kauri kutoka China kama pambo. Bakuli ya China, darini, Kilwa! Nguzo za mwanzo zilielemewa zikaanguka, kwahiyo hizi za pembe nane unazozishika leo ni za matengenezo ya karne ya 15. Mafundi wa zamani nao walikuwa wanakosea na kurudia kazi.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo, juu ya jabali linaloangalia bahari. Ni jumba la Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, lina vyumba zaidi ya 100 na birika la kuogea lenye pembe nane, na halikuwahi kumalizika. Huyu ndiye sultani aliyekutana na Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, mwaka 1331, watu walimuita Abul-Mawahib, yaani baba wa zawadi, kwa mkono wake ulivyokuwa wazi. Sarafu yenye jina lake imeokotwa Zimbabwe Kuu, magofu ya mji wa mawe kule Zimbabwe, na mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu za Kilwa ufukweni kaskazini mwa Australia, zilifikaje huko watu wanabishana mpaka leo.

Wazee wanasimulia kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo, Mshirazi, mgeni kutoka Uajemi, alimpa mwenyeji nguo za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Mimi siichukui kama risiti ya mauziano ila inakuonyesha kitu gani kilikuwa na thamani sokoni. Na ile ngome ya ufukweni tunaiita Gereza, Mreno alijenga ya kwanza mwaka 1505 alipouvamia mji, akaondoka 1512, hii unayoiona ni ya Waarabu wa Omani juu ya misingi yake. Neno lenyewe gereza ni la Kireno, kwao maana yake kanisa.

Naomba nikae kidogo kwenye saruji maana ndiyo inayonikera. Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa humuhumu, chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Ukija na roho nzuri ukaziba ufa kwa saruji maji yanakwama ndani, chumvi inajikusanya, jiwe linaanza kumeguka kama mkate mkavu, na baada ya misimu kadhaa kiraka chako kimebaki kizima ila ukuta hauna kitu. Ndiyo maana tunakarabati kwa chokaa. Kilwa Kisiwani na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara viliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004 kwa kuta kuanguka na bahari kula ufuko, vikatolewa 2014. Mikoko ya ufukweni ni kinga ya kuta, usiione kama kuni. Na kigae ulichookota kiache hapohapo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakilinda, mgeni mmoja tulimkuta navyo mfuko mzima anasema ni ukumbusho.

Kilwa Kivinje, mji wa pwani upande wa bara, ni habari nyingine, nzito. Karne ya 19 misafara ya watumwa na pembe kutoka Ziwa Nyasa iliishia pale, baadaye Mjerumani akaweka boma. Ulizia Mwembe Kinyonga, jina linajieleza, ndipo waliponyongwa watu wa Majimaji. Vita yenyewe ilianzia milima ya Matumbi, Nandete, Julai 1905, watu waling'oa pamba waliyokuwa wanalimishwa kwa nguvu.

Ukiwa na siku ya ziada nenda Tendaguru, kaskazini magharibi ya Lindi, kilima kilichochimbwa mifupa ya dinosaria. Usitegemee kuona dinosaria amesimama pale, yeye yuko makumbusho ya Berlin, kimo chake ni zaidi ya mita 13. Kati ya 1909 na 1913 zilitoka zaidi ya tani 200 za mifupa ya dinosaria wa miaka milioni 150 iliyopita, na wapagazi waliibeba kichwani na mabegani siku kama nne mpaka bandari ya Lindi. Wanaosifiwa siku zote ni wanasayansi wa Kijerumani Janensch na Hennig, ila aliyekuwa anasimamia wachimbaji na kuijua mifupa ile kwa mikono yake ni Boheti bin Amrani, na ilibidi tusubiri mpaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akapewa jina lake, Australodocus bohetii.