Kimbunga hakipandi Goma, ila mvua kinaivuta

Jioni moja upepo uling'oa mabati mawili ya jirani yangu hapa Majengo, mtaa wa Goma, na kuyabwaga juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, iliyokuwa kando ya njia. Motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyejikinga barazani kwangu akakata shauri: "Papa, hiki ni kile kimbunga cha Msumbiji. Mkia wake umefika." Barazani wote wakaitikia. Mimi hufungua ramani ya vimbunga kwenye simu kila jioni, kama wengine wanavyofuatilia mpira, nikashindwa kunyamaza.

Si mkia. Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la digrii 26 na zaidi, na chakula chake ni mvuke wa bahari hiyo. Kikipanda nchi kavu kinakufa njaa. Kutoka Goma hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000, na katikati kuna milima. Halafu tuko chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta. Kinachoyafanya mawingu yajiviringishe ni mzunguko wa dunia wenyewe, na huku kwetu msukumo huo ni hafifu mno. Karibu vimbunga vyote huzaliwa digrii 5 au zaidi kutoka ikweta. Mkaidi yuko mmoja, Vamei, aliyetokea karibu na Singapore Desemba 2001 kwenye digrii 1.4 hivi. Lakini hata yeye alikuwa na bahari.

"Na ziwa je?" akauliza mama anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Ziwa Kivu lina kilomita za mraba 2,700 hivi tu. Kimbunga kimoja huchukua mamia ya kilomita kutoka ukingo hadi ukingo. Kingelifunika ziwa na milima yake yote.

Kilichong'oa mabati ni wingu la radi. Hewa iliyopozwa na mvua huporomoka kutoka juu, ikigonga ardhi inatawanyika pande zote. Ule ubaridi unaokupiga usoni kabla ya tone la kwanza ndio huo. Haumalizi saa. (Na misumari ya jirani ilikuwa michache, tuseme ukweli.)

Wengine hudhani hariken, taifuni na kimbunga ni vitu vitatu. Ni mnyama mmoja. Jina hubadilika kwa bahari anayoishi.

Ugomvi mkubwa huwa wa namba za kasi ya upepo, kilomita kwa saa. "Wazungu wanadanganya, huyu anasema 180, yule 205." Hakuna anayedanganya. Kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha La Réunion, kinachosimamia kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, hupima wastani wa upepo wa dakika 10. Wamarekani hupima wa dakika 1, na wastani wa muda mfupi hutoka mkubwa zaidi. Mimi namba hizo sizihangaikii sana, kwa sababu hazisemi lolote kuhusu maji. Freddy, kimbunga cha 2023, alivuka Bahari ya Hindi yote kutoka upande wa Australia, akaishi zaidi ya mwezi, akaipiga Msumbiji mara mbili. Alipofika Malawi upepo wake ulikuwa umechoka. Mvua yake ndiyo iliyoporomosha milima ya Blantyre, na waliokufa na kupotea nchini humo wakapita 1,000.

Basi kimbunga cha mbali hakituhusu? Hapo ndipo ninapopenda zaidi. Machi 2018, vimbunga Dumazile na Eliakim walipozunguka upande wa Madagaska, upepo wa bonde la Kongo uligeukia mashariki ukabeba unyevu wake, na Kenya ikapata mvua nyingi kupita kawaida. Mwaka uliofuata Idai akakaa kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, akavuta unyevu kwake, na mvua za masika za Kenya zikachelewa. Mnyama wa aina ileile, mahali tofauti, matokeo kinyume.

Nikamwonyesha motari mishale kwenye simu, ikitoka upande wa Kisangani na kupita juu yetu kuelekea mashariki. Akaitazama kwa muda.

"Kumbe Wakenya wanakunywa mvua yetu."

"Siku nyingine."

"Na hawalipi?"

Mvua ilikuwa imekata. Akapangusa kiti cha pikipiki kwa kiganja, akauliza kama kuna anayeshuka Birere.