Stoo Iliyojaa na Faida ya Kiwanda: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Stoo iliyojaa ni dalili ya kiwanda chenye fedha.

Ukweli ni kwamba fedha hizo zimekwishatumika. Tuseme kiwanda cha ndoo kilichoko Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, kimenunua chengachenga za plastiki za shilingi milioni 200 kwa mkopo wa riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Magunia hayo yakikaa miezi sita yakishika vumbi, riba peke yake ni milioni 16, mbali na pango la ghala na mishahara ya walinzi.

Dhana: Kuzalisha zaidi huongeza faida, hata kabla ya kuuza.

Hapa ndipo wengi hupotoka, na vitabu vya hesabu vyenyewe huwasindikiza. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 2, hutaka gharama za uzalishaji zisizobadilika, kama uchakavu wa mitambo, zigawanywe kwa bidhaa zilizozalishwa. Chukulia gharama hizo ni milioni 100 kwa mwezi na ndoo zinazouzwa ni 50,000. Kiwanda kikizalisha ndoo 50,000, milioni 100 zote huhesabiwa dhidi ya mauzo ya mwezi huo. Kikizalisha 100,000 na kuuza zilezile 50,000, milioni 50 hubaki kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kiwanda, zikiitwa mali. Faida imepanda kwa milioni 50, ilhali hakuna mteja hata mmoja aliyeongezeka, na salio la benki limepungua kwa sababu malighafi ya ndoo za ziada imelipiwa. Siku ndoo hizo zitakapolazimika kuuzwa chini ya gharama, kanuni hiyohiyo itadai thamani yake ishushwe na hasara ionekane.

Dhana: Basi akiba ya stoo ipunguzwe hadi karibu na sifuri, kama ifanyavyo Toyota, kampuni ya magari ya Japani.

Toyota ilijenga utaratibu wake ikiwa na wauzaji wengi wa vipuri jirani na viwanda vyake. Chengachenga za Dar es Salaam huja kwa meli, na meli ikichelewa mashine husimama lakini mishahara haisimami. Isitoshe, baada ya tetemeko la ardhi la Japani la mwaka 2011, Toyota yenyewe iliwataka wasambazaji wake watunze akiba ya chipu za kielektroniki ya miezi kadhaa. Kwa hiyo mwenye kiwanda cha ndoo aanze kwa kumuuliza mtunza stoo meli iliyochelewa kuliko zote ilichelewa siku ngapi, na magunia ya safu ya nyuma yaliingia lini.