Kupiga polishi gari: ni kupaka nini hasa?

Neno "polishi" tumelizoea kwenye viatu. Unachovya brashi kwenye kopo, unapaka, unasugua, kiatu kinang'aa kwa sababu kimeongezewa kitu. Ndiyo maana mtu akishika chupa iliyoandikwa polishi ya gari hudhani naye anakwenda kupaka. Anapaka, anafuta, na mikwaruzo iko palepale. Au imepotea kwa wiki mbili kisha ikarudi, naye anaishia kusema kauziwa feki. Huenda ni feki kweli, ila mara nyingi kilichomponza ni hicho kitenzi "kupaka". Kwa fundi wa rangi za magari, kupiga polishi ni kuusugua uso wa rangi kwa chembe laini zinazoukwangua kidogo kidogo mpaka uwe sawasawa. Kazi hiyo ni ndugu wa kupiga msasa na kunoa kisu, na kisu kila kikinolewa hupungua.

Kinachopungua ni nini? Magari mengi ya sasa yana bati, juu yake praima, yaani rangi ya msingi, kisha rangi yenyewe, na mwisho kabisa vanishi isiyo na rangi ambayo mafundi huiita kliya. Ukipima kutoka kwenye bati hadi juu, mara nyingi unapata mikroni 100 hadi 150, na mikroni 1,000 ndizo zinazofanya milimita moja. Kliya peke yake ni kama mikroni 35 hadi 50. Unywele mmoja wa kichwani ni mikroni 70 hivi. Yaani mng'ao wote unaoringia nao barabarani umelala ndani ya kitu chembamba kuliko unywele. Tena kliya hiyo ndiyo iliyochanganywa dawa ya kukinga miale ya jua. Ikikonda kupita kiasi, jua huichoma, inakuwa na weupe weupe, halafu inabanduka magamba, hasa kwenye paa na boneti. Ikifika hapo polishi haina la kufanya tena, ni kupuliza rangi upya.

Sasa toa gari lako juani, hasa likiwa jeusi au la buluu iliyokoza, usimame uitazame boneti pale mwanga wa jua unapojionyesha. Utaona vijistari vyembamba vimeuzunguka mwanga ule kama utando wa buibui. Watu hudhani vimetokana na kufuta kwa kuzungusha mkono. Ukweli ni kwamba mikwaruzo imekwenda kila upande, ila ile iliyokaa kwa kuzunguka mwanga ndiyo inayomeremeta. Sogea hatua mbili na utando unakufuata. Mengi ya hayo huletwa na kuosha: kitambaa kilichodondoka chini kikaokota mchanga, au vumbi lililofutwa kavukavu.

Kila mkwaruzo ni mfereji mdogo wenye kingo. Mwanga ukipiga uso ulionyooka hurudi kwa pamoja, na jicho linaona kioo. Ukipiga kingo za mifereji hutawanyika, na jicho linaona ukungu. Polishi haifukii mfereji. Inashusha ardhi yote ya pembeni mpaka ikutane na sakafu ya mfereji, na mfereji unakosa pa kuwepo. Ukilielewa hilo, utajua mwenyewe ni mkwaruzo gani wa kuachana nao. Pitisha ukucha juu yake taratibu. Ukiteleza bila kugundua kitu, polishi itauondoa. Ukikwama, mfereji umeingia ndani mno, na kuufuata hadi chini ni kuimaliza kliya. Huo ujazie rangi ya kugusia kwa kijiti, au uishi nao.

Madukani majina huchanganywa ovyo, kwa hiyo tuyatenganishe. Kompaundi ina chembe kali. Inakata haraka na huacha ukungu wake yenyewe. Polishi ina chembe laini. Huja baadaye kuondoa ukungu wa kompaundi, na kwa gari lenye mikwaruzo hafifu inatosha peke yake. Nta haikati chochote, inakaa juu kama kinga. Ile maarufu ya karnauba hutokana na majani ya mti wa Brazili wa jamii ya mnazi. Halafu kuna zile zilizojaa mafuta yanayojaza mifereji, zinazong'arisha ndani ya dakika tano. Hizo ndizo zenye ule mng'ao wa wiki mbili. Dawa ya meno nayo ina chembe za kukwangua, kwa hiyo wanaoisifia hawadanganyi, lakini hujui unakata kwa ukali gani. Mimi gari langu silipaki dawa hiyo.

Ukiamua kuifanya nyumbani, muda mwingi utauacha kwenye matayarisho. Osha, kisha pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi ukiwa umelowanishwa vizuri, mpaka kiganja kiteleze bila kuhisi vichembe. Uchafu uliogandia ukiingia chini ya pedi, ile sponji ya kusugulia, unakuwa msasa. Funika mipira na plastiki nyeusi kwa tepu ya karatasi, kwa sababu polishi ikikaukia pale huacha weupe unaochosha kuutoa. Kazi ifanyike kivulini, bati likiwa la baridi.

Mashine ziko za aina mbili. Moja huzungusha pedi mahali pamoja, inakata sana na kuzalisha joto. Mkono usioizoea unaweza kuunguza rangi kwa sekunde chache. Nyingine huzunguka huku ikitikisika, na kwa anayeanza hiyo ndiyo ya kuchukua. Weka matone manne au matano kwenye sponji, chukua eneo la nusu mita kwa nusu mita, endesha polepole mistari ya kulala kisha ya kusimama, pedi ikikaa bapa. Polishi itaanza kama maziwa, kisha itabaki utando unaopitisha mwanga. Zima, futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba, tazama. Anza na pedi laini na polishi laini kwenye eneo hilo moja tu. Kama imetosha, usipande daraja.

Kingo ndizo zinazoumbua watu. Kwenye mikunjo ya boneti na ncha za milango, rangi ikipulizwa huwa inakaa nyembamba, na pedi nayo huelemea hapohapo. Mara yangu ya kwanza nilikazania mkunjo mmoja wa mlango kwa sababu ulikuwa unapendeza, nikaendelea, nikaendelea, mpaka pakatokea doa la mfifio kama ukucha wa kidole gumba. Nikaongeza polishi. Doa likakua. Siku hizi kila mkunjo naufunika tepu kwanza na kuumalizia kwa mkono.

Kuna magari yasiyo na kliya, hasa ya zamani. Pedi ikigeuka rangi ya gari, usishtuke, rangi yenyewe ndiyo inayokatwa. Ila ujue chini yake ni praima. Na rangi zile zisizong'aa, za kiwandani, zisiguswe kabisa na polishi, maana ukikosea unapata doa linalong'aa katikati ya mlango na halirudi.

Kabla hujajisifu, futa eneo lote kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Polishi nyingi zina mafuta yanayoficha kilichobaki, na spiriti huyaondoa ukaona kazi ilivyo. Ukiridhika, paka nta, nyembamba kadiri unavyoweza, uifute ikishakauka. Nta ikiisha utaona maji yameacha kusimama matone na yanatandaa tu. Osha, upake nyingine, mashine iache ilipo.