Vidonda vya Tumbo Vinapona: Maswali na Majibu Kuhusu Ugunduzi Unaochelewa Kumfikia Mgonjwa

Swali: Vidonda vya tumbo ni nini?

Jibu: Ni majeraha kwenye ukuta wa ndani wa tumbo au wa mwanzo wa utumbo mdogo. Vingi husababishwa na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na vingine na matumizi ya mara kwa mara ya dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen.

Swali: Si husababishwa na mawazo na pilipili?

Jibu: Hapana. Pilipili huweza kuchoma palipo na kidonda, lakini siyo iliyokichimba. Mwaka 1982, nchini Australia, Barry Marshall na Robin Warren walifanikiwa kumwotesha maabara bakteria waliyemwona katika matumbo ya wagonjwa. Wataalamu wengi walikataa, wakishikilia kwamba hakuna bakteria awezaye kudumu tumboni penye asidi kali, hata Marshall akaamua mwaka 1984 kuwanywa bakteria hao mwenyewe, na siku chache baadaye akaugua tumbo. Ilikuwa mwaka 1994 ndipo jopo la wataalamu nchini Marekani lilipopendekeza rasmi kwamba mwenye vidonda na bakteria huyo atibiwe kwa antibayotiki. Katika miaka hiyo 12 watu waliendelea kukatwa matumbo kwa upasuaji ambao huenda baadhi yao hawakuuhitaji.

Swali: Niliambiwa ugonjwa huu ni wa kuishi nao tu. Je, unapona?

Jibu: Unapona. Kila juma ninakutana na mtu aliyemeza dawa za kutuliza asidi kwa miaka kadhaa kwa sababu aliambiwa maneno hayo, na kila mara ninamjibu vilevile: vidonda vya tumbo vinapona. Dawa ya kutuliza asidi ikitumika peke yake hupunguza maumivu na kumwacha bakteria palepale, naye akiachwa muda mrefu huongeza hatari ya saratani ya tumbo.

Swali: Mbona basi sijawahi kupimwa?

Jibu: Mara nyingi kosa ni letu sisi wahudumu. Mwongozo mpya huletwa, ukafungiwa kabatini, nasi tukaendelea kuandika dawa tulizozoea. Ugunduzi hufika haraka pale ambapo mwongozo unasomwa na kila anayeandika dawa, kipimo cha kinyesi cha kumtafuta bakteria huyu kinapatikana maabara, na dozi kamili ipo katika duka la dawa siku hiyohiyo. Nawe unaweza kuuharakisha kwa kuuliza waziwazi: "Je, nimepimwa bakteria wa vidonda?" Mtajie pia mhudumu kila dawa ya maumivu unayotumia. Kama unameza aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumwona daktari.

Swali: Choo changu kimekuwa cheusi kama lami, lakini maumivu ni kidogo. Naweza kusubiri?

Jibu: Usisubiri. Choo cha namna hiyo huweza kuwa damu inayovuja tumboni, na kukosa maumivu hakumaanishi usalama. Usisubiri hata kesho asubuhi, wala usijaribu kwanza majivu, maziwa au mitishamba. Ukitapika damu, au kitu kinachofanana na mashapo ya kahawa, au ukipata maumivu makali ya ghafla na tumbo likawa gumu, nenda hospitali saa hiyohiyo. Wengi wanaoletwa wakiwa wamezimia walikuwa wameona dalili siku mbili au tatu kabla.

Swali: Nilipata nafuu siku ya nne. Niendelee na dawa?

Jibu: Endelea mpaka siku ya mwisho, ambayo kwa kawaida ni ya 14. Anayekatiza dozi humwachia bakteria nafasi ya kuwa sugu, na dawa zilezile huenda zisimsaidie tena. Angalau majuma manne baada ya kumaliza antibayotiki, rudi upimwe, ukiwa umesimamisha dawa za kuzuia asidi kama omeprazole kwa majuma mawili kwa ushauri wa daktari, kwa kuwa huweza kumficha bakteria na kukupa jibu la uongo.