Kabla hujanunua waipa mpya, soma mistari kwenye kioo

Masika yakikaribia, wateja huniuliza swali lilelile: “Fundi, waipa gani nzuri?” Nami hujibu kwa kuuliza: hiyo mistari inayokusumbua ina sura gani? Wengi hawajawahi kuitazama. Wameona kioo hakitakati, wameteremka Gerezani, kwenye maduka ya vipuri hapa Dar, wamenunua waipa, na mvua iliyofuata imewakuta palepale. Gari nyingi zinazoletwa kwangu kwa tatizo hili, mpira wa waipa bado unafaa. Kichafu ni kioo.

Kwa hiyo anza kwa kutazama. Mstari mwembamba kama uzi, unaobaki mahali palepale kila waipa inapopita, ni chembe ya mchanga iliyonasa kwenye ukingo wa mpira, au ukingo umechanika. Ukungu mpana unaoifuata waipa na kutoweka taratibu ni mafuta. Kipande kinachobaki na maji huku pembeni pamefutwa vizuri ni mkono wa waipa usiokandamiza sawasawa. Na ukiona upinde hata kioo kikiwa kikavu, hasa usiku gari la mbele linapokumulika, huo ni mkwaruzo, nitaufikia.

Ule ukungu wa mafuta ndio mgonjwa wangu wa kila siku. Ukishinda kwenye foleni ya barabara ya Mandela nyuma ya malori yanayotoka bandarini, moshi wa dizeli unaacha masizi yenye mafuta juu ya kioo. Barabara ikilowa, matairi yanarusha maji yaliyochanganyika na oili iliyomwagika kwenye lami. Halafu kuna sisi wenyewe, watu wa kuosha magari, na hapa nitasema ingawa wenzangu watanuna: sponji iliyotoka kwenye rimu ndiyo hiyohiyo inapandishwa kwenye kioo, shampuu yenye nta inamwagwa gari zima, na ile dawa ya kung'arisha matairi inapulizwa upepo ukielekea bonetini. Gari linatoka linameremeta na kioo kimepakwa mafuta.

Juu ya hayo, weka maji. Visima vingi vya Dar vina chumvichumvi, na sehemu nyingi za kuoshea magari zinategemea visima. Maji hayo yakikaukia kwenye kioo cha moto wa saa saba mchana, madini yake yanabaki, tone juu ya tone, mpaka kioo kinakuwa na vipele usivyoviona ila unavisikia ukipitisha kidole. Waipa ikipita juu yake inarukaruka. Wanaokaa karibu na bahari, Kigamboni au Kunduchi, wanaongezewa chumvi ya upepo bure.

Jaribio ni rahisi. Mwaga maji safi kwenye kioo kilichopoa. Yakitandaa kama shuka jembamba, kioo ni safi. Yakijikunja kuwa matone, au yakikimbia sehemu nyingine na kubaki nyingine, kuna kitu juu yake (isipokuwa kama umewahi kupaka dawa ya kufukuza maji, hapo matone ndiyo kazi yake).

Sasa kukisafisha. Egesha kivulini, kioo kipoe. Suuza kwanza kwa maji mengi bila kugusa, ili mchanga uondoke. Usiruke hatua hii. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs kioo kiko kati ya 5 na 6, wakati kwatsi iliyo kwenye mchanga ni 7, kwa hiyo kitambaa chenye mchanga ni msasa. Ndiyo maana siwapendi wale vijana wa kwenye mataa na vitambaa vyao vikavu, ingawa naelewa wanatafuta ridhiki.

Inua mikono ya waipa na uoshe kioo kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo inakata mafuta na haina nta. Suuza. Kisha changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya kioo kama dakika kumi, kihamishe mpaka umalize kioo chote. Siki inayeyusha chokaa iliyoachwa na maji ya kisima. Isichuruzikie kwenye rangi ya gari ikakaukia huko, suuza mara moja. Malizia kwa spiriti kwenye kitambaa safi, ukigeuza upande kila kinapochafuka. Rudia jaribio la maji.

Bado matone? Tafuta polishi ya vioo, ile yenye unga laini, usugue kwa mduara hadi maji yatandae. Utomvu wa mti au kinyesi cha ndege kilichokauka naukwangua kwa wembe mpya, kioo kikiwa kimelowa, wembe ukiwa umelala. Hii ni kwa kioo tu, kamwe si kwa plastiki wala tinti. Waya wa kusugulia masufuria uache jikoni.

Ukimaliza kioo, futa mpira. Kitambaa chenye spiriti, kipitishe kwenye ukingo kutoka mwanzo hadi mwisho, mara kadhaa, mpaka weusi upungue. Kama ukingo umepasuka, umekakamaa au umejikunja upande mmoja, hapo ndipo ununue. Jua letu, pamoja na ozoni iliyo hewani, ndilo linaloua mpira, hata kwa gari lisilotembea. Kwa gari nyingi za Kijapani unaweza kubadilisha mpira peke yake na kubaki na fremu yako nzima. Muulize muuzaji, maana atakutajia waipa kamili kwanza. Pima kwa rula kabla hujaenda, kwa sababu ya dereva na ya abiria mara nyingi hazilingani.

Waipa inayotetemeka na kupiga kelele upande mmoja tu, ikienda au ikirudi, huenda mkono wake umepinda. Mpira unatakiwa ulale upande mmoja ikienda na ugeuke ikirudi. Mkono ukiwa umepinda, mpira haugeuki, unasukumwa kwa ubavu. Fundi mwenye mkono mwepesi anaunyoosha kidogo kwa koleo. Kidogo sana.

Nilisema nitafika kwenye mkwaruzo. Pitisha ukucha. Kama haukwami, unga wa oksidi ya seriamu (unga laini wa kung'arishia vioo) na mashine inayozunguka polepole vinaweza kuupunguza, ila mikononi mwa mtu anayejua: kusugua sehemu moja kunakichosha kioo kwa joto, na kunaweza kuacha bonde linalopinda picha ya barabara mbele ya macho yako. Ukucha ukikwama, mimi sigusi. Nakushauri ubadilishe kioo, hasa kama mkwaruzo uko mbele ya dereva.

Kuna wanaofuta kioo kwa mafuta ya taa. Yanaondoa lami kweli, lakini yanaacha utando wake na yanavimbisha mpira. Madereva wa zamani walipaka tumbaku ya sigara kwenye kioo waipa zilipokufa safarini. Kwa dharura sawa, ila ukifika osha.

Na usisahau upande wa ndani. Dashibodi ikichomwa na jua inatoa mvuke unaoganda kwenye kioo, na ile polishi ya dashibodi inauzidisha. Watu wameniletea gari wakilalamikia waipa wakati uchafu ulikuwa ndani.

Kwenye tanki la maji ya waipa usiweke ya kisima. Maji yanayodondoka kwenye bomba la AC ya nyumbani karibu hayana madini kabisa. Kinga ndoo safi, chuja kwa kitambaa, jaza.