Taunishipu si mji

Nafanya kazi ya ramani na takwimu za watu, na kuna swali moja kuhusu Marekani ambalo haliishi: inakuwaje taunishipu (township, kitengo cha ardhi na utawala) yenye eneo kubwa kuliko kisiwa cha Manhattan iwe na watu mia tatu tu?

Tatizo huanzia kwenye tafsiri. Ukisema taunishipu ni "mji mdogo", umeshampoteza msomaji. Kule Ohio, Iowa au Minnesota, ni kipande cha ardhi kilichochorwa kwanza. Watu walikuja baadaye, na kwingine hawakuja.

Mchoro wenyewe ulitokana na sheria ya ardhi ya Mei 1785. Wapimaji walianzia mpakani mwa Pennsylvania, karibu na Mto Ohio, wakipima kwa minyororo ya futi 66; minyororo 80 ni maili moja. Taunishipu ikawa maili sita kwa sita, yaani vipande 36 viitwavyo seksheni, vya ekari 640 kila kimoja, na seksheni ya 16 ikatengewa shule. Tangu 1796 namba za seksheni huanzia kona ya kaskazini-mashariki, zikaelekea magharibi hadi 6, kisha 7 ikakaa chini ya 6 na safari ikarudi mashariki, kama ng'ombe wa plau wanavyogeuzwa mwisho wa shamba.

Sasa, dunia ni duara na mraba haulijui hilo. Mistari ya kaskazini-kusini hukaribiana kadiri unavyoelekea kaskazini, kwa hiyo boksi halifungi sawasawa. Wapimaji waliusukumia upungufu kwenye seksheni za ukingo wa kaskazini na wa magharibi. Ndiyo maana barabara ya mashambani iliyonyooka kama rula huweza kukata kona ghafla, ikasogea kidogo, halafu ikaendelea na safari yake. Hakuna kilima wala mto hapo. Umepita tu juu ya hesabu ya mpimaji. Mimi hupenda kona hizo kuliko mandhari yoyote.

Tukija kwa watu: mia tatu kwenye kilomita za mraba 93, eneo la taunishipu nzima, ni kama watatu kwa kila kilomita ya mraba. Wastani huo haukuonyeshi kitu, maana nyumba zimejipanga kandokando ya barabara na katikati ni mashamba matupu. Uliza pia nani kahesabiwa. Kule Michigan, kijiji chenye serikali yake hubaki ndani ya taunishipu na watu wake huhesabiwa humo, lakini jiji hujitoa. Jiji likimega ardhi ya jirani, taunishipu "hupoteza" watu ambao hawajahama hata hatua moja.

Halafu kuna sensa ya 2020. Ili kulinda siri za wahojiwa, idara ya sensa ilizichezea kidogo takwimu za maeneo madogo kwa makusudi. Kijiji cha Monowi, Nebraska, kilikuwa na mkazi mmoja mwaka 2010; sensa ya 2020 ikampa mwenzake ambaye hakuwapo. Kwenye jiji la watu milioni, mtu mmoja wa ziada hakuna anayemwona. Kule Monowi, idadi imeongezeka maradufu.

Idadi ya nyumba, hata hivyo, haikuguswa. Nikipewa taunishipu ndogo siku hizi, naanza na nyumba, ndipo niwatazame watu.